Ukitaka kustaafu mji wa ugenini, mpangie yule mzee utakayekuwa

Wengi tukianza kuwaza kustaafu nje tunaanza na picha, bahari iko pale, jua zuri, maisha hayana haraka, na kichwani tunajiona vile vile tulivyo leo, tunatembea, tunapanda ngazi, tunabeba begi wenyewe. Nimewasaidia wazee wawili wa familia yetu kuhama nchi baada ya kustaafu, mmoja mambo yakamwendea vizuri na mwingine akateseka sana, na tofauti yao haikuwa hela kwa sababu aliyeteseka ndo alikuwa na pensheni kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba mmoja alimchagulia mji mtu wa miaka 61 na mwingine alimchagulia mji mtu wa miaka 80. Ukistaafu na 60 ukajaliwa kuishi, miaka mingi utakayokaa huko utakaa ukiwa mzee kweli kweli, kwa hiyo hatua zote hapa chini nimezipanga kwa ajili ya huyo mzee.

Hatua ya 1. Mwandike huyo mzee kwenye karatasi

Kabla hujafungua ramani, chukua daftari uandike mwili wako utakuwaje. Familia yenu ina nini, presha, sukari, magoti, macho? Ukishindwa kuendesha gari utatembeaje? Kama mnahama wawili, mmoja akitangulia, anayebaki ataweza kuishi pale peke yake, kulipa bili, kuongea na daktari, kuelewa barua ya serikali? Andika kwa ukweli, maana hiyo karatasi ndo chujio lako, kila mji unaoupenda unaupitisha hapo.

Yule mzee wetu aliyeteseka alipata nyumba nzuri sana ghorofa ya nne, madirisha makubwa, mtaa mkongwe unaovutia, lifti hakuna. Mwaka wa kwanza aliona ni mazoezi. Mwaka wa tano magoti yalimwisha, nilipokwenda kumtembelea nikakuta jirani wa ghorofa ya pili amemwekea kiti cha plastiki pale ngazi zinapokata kona, mzee akifika na mfuko wake wa vitu vya sokoni anakaa, anapumua, halafu ndo anaendelea. Alikuwa ameanza kuteremka mara moja tu kwa wiki. Mtu alihama nchi akafuate uhuru halafu ngazi zikamfungia ndani, mimi ile picha haijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo ukiangalia mji uangalie na vitu ambavyo kijana havioni. Njia za waenda kwa miguu ziko sawa au zimejaa vishimo, mji uko kwenye milima? Basi au treni inapandika bila kuruka? Mwinuko nao usiusahau, miji kama Quito iko kama mita 2,850 juu ya usawa wa bahari na Cuenca, hiyo hiyo Ecuador, iko kama 2,560, wastaafu wengi wanaipenda kwa ile hali ya hewa isiyo joto wala baridi kali, ila mwenye shida ya moyo au mapafu lazima aongee na daktari wake kwanza, maana hewa ya huko ni nyepesi na mwili unaisikia.

Hatua ya 2. Kakae huko, tena msimu mbaya

Wiki mbili za likizo hazikufundishi kitu. Nenda miezi miwili au mitatu, panga nyumba ya kawaida kwenye mtaa ambao kweli ungekaa, mbali na hoteli za watalii, na uende kipindi ambacho wenyeji wanakilalamikia. Chiang Mai kule Thailand inasifiwa na wastaafu wengi, ila kuanzia kama Februari mpaka Aprili moshi wa mashamba na misitu inayochomwa unatanda mpaka hewa inakuwa hatari, aliyeenda Desemba hawezi kujua. Miji mingine ni joto la kiangazi, mingine ni nyumba zisizo na kipasha joto na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Ukiwa huko usizurure tu, jipe kazi za mkaazi. Nenda kliniki ukapime presha, kang'oe jino kama lipo la kung'oa, lipa bili ya umeme mwenyewe, tembea kutoka nyumbani mpaka duka la dawa usiku, panga foleni kwenye ofisi ya serikali uone watu wanahudumiwaje. Siku moja ya foleni itakwambia mengi kuliko video mia za intaneti.

Kama ni Ulaya kuwa makini na hesabu ya siku, mgeni wa muda mfupi kwenye eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo siku zinahesabiwa kwa nchi zote za Schengen kwa pamoja, ukikaa 60 Ureno ukavuka Hispania huanzi upya, umebakiwa na 30. Kuzidisha siku kunaweza kukuharibia ombi la kibali utakaloleta baadaye.

Hatua ya 3. Kibali cha kuishi

Hapa usisikilize maneno ya watu, soma tovuti ya ubalozi wa nchi husika na uangalie imeandikwa mwaka gani. Nchi nyingi zinazopokea wastaafu zinauliza mambo yale yale, una kipato kisichotegemea ajira, una bima ya afya, huna rekodi ya jinai. Panama inataka pensheni ya maisha ya angalau dola 1,000 kwa mwezi. Thailand inataka uwe na miaka 50 au zaidi, na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, halafu ukishakaa unaripoti anwani yako kila siku 90. Hispania wana kibali cha mtu asiyefanya kazi, kiwango chake ni mara nne ya kipimo chao cha kipato kinachoitwa IPREM, na ukiwa nacho huruhusiwi kufanya kazi. Ureno wanayo viza inayoitwa D7 kwa wenye kipato chao kama pensheni, hiyo kiwango chake kinafuata mshahara wa chini wa nchi, kwa hiyo kinapanda.

Ninachotaka ushike hapa ni kwamba masharti yanabadilika na wewe unazeeka humo humo. Ureno walianzisha mwaka 2009 utaratibu wa kodi nafuu kwa wageni, wastaafu wakamiminika kwa sababu pensheni kutoka nje ilikuwa haikatwi kabisa, 2020 wakaweka asilimia 10 kwa wanaoingia, na 2024 mlango ukafungwa kwa wapya isipokuwa wachache waliokuwa tayari njiani. Kama mji unakufaa kwa sababu ya punguzo moja tu la kodi, basi huo mji haukufai. Uliza pia kibali kinahuishwa kila baada ya muda gani, na mwenzi wako anakaa kwa haki yake mwenyewe au kwa jina lako. Hilo la mwisho watu hawaliulizi, mume akifa mke anakuta kibali chake kilikuwa kinaning'inia kwenye pensheni ya marehemu.

Hatua ya 4. Matibabu, na hapa tulia

Jambo la kwanza ni kujua bima unayoitegemea sasa itakufuata au la. Nyingi hazikufuati. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa mfano, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani, Mmarekani akihama anatakiwa apange kitu kingine. Bima binafsi za kimataifa nazo zina umri wa mwisho wa kujiunga, na zina utaratibu wa kukata magonjwa uliyokuwa nayo kabla, kwa hiyo ukisubiri mpaka 70 ndo utafute bima na una sukari tayari, unaweza kukataliwa au ukapewa bima inayolipia kila kitu isipokuwa sukari. Tafuta mapema ukiwa bado mzima. Na uliza kwa maandishi, sio kwa simu, vitu vitatu: ada inapandaje kadiri umri unavyokwenda, wanaweza kukufuta ukiugua sana, na wanalipa hospitali moja kwa moja au unalipa wewe kwanza ndo wakurudishie.

Halafu dawa. Orodhesha kila dawa unayokunywa kwa jina lake la kitaalamu, achana na jina la biashara lililoandikwa kubwa kwenye boksi, kwa sababu jina la biashara likivuka mpaka linaweza kuwa jingine kabisa au likawa la dawa tofauti. Andika na kipimo, miligramu ngapi, mara ngapi. Chunguza kama dawa yenyewe inaruhusiwa huko. Japani wanakataza dawa zenye amfetamini, ile kemikali ya kuchangamsha ubongo, hata kama daktari wako ndo kakuandikia, na hata baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyingi zinazuiliwa mpakani. Umoja wa Falme za Kiarabu wanadhibiti kodeini, ile iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, ukiingia nayo bila kibali unaweza kujikuta polisi. Kama unatumia insulini, ile ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi joto 2 mpaka 8, kwa hiyo ukikagua nyumba uliza na umeme unakatika mara ngapi.

Chagua nyumba kwa umbali wa hospitali yenye huduma ya dharura saa 24. Chukua teksi usiku kutoka kwenye huo mtaa mpaka getini ukiwa na saa mkononi, uone dakika. Mzee wetu yule mwingine, aliyefanikiwa, alifanya hivi hivi na akaacha nyumba iliyokuwa inatazama bahari akachukua ya mtaa wa kawaida dakika nane kutoka hospitali. Baada ya miaka sita alipata kiharusi saa tisa usiku, akafikishwa kwa wakati, leo anatembea na fimbo lakini anatembea.

Pia beba faili lako lote la matibabu, skani na karatasi, vipimo vya miaka ya nyuma, picha za moyo, orodha ya operesheni. Muombe daktari wako akuandikie muhtasari wa ukurasa mmoja, halafu utafsiriwe na mtafsiri anayekubalika huko.

Hatua ya 5. Hela

Swali watu wanalouliza ni maisha ya huko ni shilingi ngapi kwa mwezi. Swali hilo ni sawa lakini halitoshi, kwa sababu pensheni yako inaingia kwa sarafu moja na unaishi kwa sarafu nyingine, miaka 20 au 30. Waingereza waliokuwa wamestaafu Hispania na Ufaransa wanakumbuka Juni 2016, matokeo ya kura ya kutoka Umoja wa Ulaya yalipotoka pauni ikashuka ghafla dhidi ya yuro, na pensheni ile ile ikawa inanunua vitu vichache zaidi bila wao kufanya kosa lolote. Kwa hiyo tengeneza bajeti, halafu ipige jaribio: sarafu yako ikipungua robo, bado utalipa kodi ya nyumba na bima? Kama jibu ni hapana mji huo ni ghali kwako hata kama leo unauona rahisi. Weka matumizi ya miezi sita mpaka mwaka kwenye sarafu ya huko.

Kama unaishi kwa akiba uliyowekeza, utasikia sana ile kanuni ya asilimia 4. Ilitoka kwa mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994, akionyesha kwamba mtu akichukua asilimia 4 mwaka wa kwanza halafu akawa anaongeza kulingana na mfumuko wa bei, akiba ingemvusha miaka 30. Lakini alitumia historia ya masoko ya Marekani na bei za Marekani. Wewe utakuwa na mfumuko wa bei wa nchi nyingine na kupanda na kushuka kwa sarafu juu yake, kwa hiyo mimi ningeshuka chini ya hapo.

Uliza na pensheni yenyewe, je inaongezwa kila mwaka ukiwa nje? Pensheni ya serikali ya Uingereza ukihamia Kanada, Australia, Afrika Kusini au Thailand inagandishwa kwenye kiwango ulichoanza nacho, lakini ukiwa Marekani au nchi za Umoja wa Ulaya inapandishwa. Mtu wa miaka 66 haoni tofauti, wa 86 anaiona kila akienda sokoni.

Kodi, kwa kifupi. Nchi nyingi zinakuhesabu mkaazi wa kikodi ukipitisha siku 183 kwa mwaka, lakini sio kigezo pekee, makazi na familia vinaweza kukuvuta kabla ya hapo. Angalia kama nchi zako mbili zina mkataba wa kuzuia kukatwa mara mbili na mkataba unasema nini kuhusu pensheni, maana pensheni ya serikali na ya kampuni mara nyingi zinashughulikiwa tofauti. Raia wa Marekani anaendelea kupeleka ripoti ya kodi kwao popote alipo duniani. Lipia saa mbili za mshauri anayejua nchi zote mbili, kabla ya kuhama, kwa sababu nyumba au hisa ukiuza kabla au baada ya kuhama kodi yake inaweza kutofautiana sana.

Hatua ya 6. Karatasi, na ile laini ya simu

Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, cha talaka kama ipo, cheti cha polisi, barua ya pensheni. Pata nakala mpya zilizothibitishwa, halafu uliza kama zinahitaji apostili, ule muhuri wa Mkataba wa The Hague wa 1961 unaofanya hati ya nchi moja ikubalike nchi nyingine mwanachama. Kama moja ya nchi zako haimo, utapitia njia ndefu, wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. China imeingia 2023 na Kanada 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani unayoyakuta yanaweza kuwa yamepitwa. Cheti cha polisi kiache cha mwisho, kinaisha muda haraka.

Jina lako liwe sawa kila mahali. Herufi moja iliyopungua kwenye cheti cha ndoa inaweza kukurudisha miezi.

Sasa laini ya simu. Mmoja wa wazee wetu hao wawili alipohama alifuta laini yake ya zamani, akaona ya nini kulipia namba asiyoitumia. Benki yake ilikuwa inatuma namba ya siri ya kuingilia kwenye laini ile ile. Akiingiza nywila, mfumo unamwambia tumekutumia ujumbe, ujumbe unakwenda kwenye namba iliyokufa. Kupiga simu benki, wanamwambia abadilishe namba, na kubadilisha namba lazima afike tawini mwenyewe. Miezi mitatu pensheni inaingia anaiona kwenye karatasi na hawezi kuigusa. Kwa hiyo kabla hujaondoka, hakikisha laini yako inapokea ujumbe ukiwa nje na inabaki hai mwaka mzima, au hamishia uthibitisho kwenye programu ya simu, na ujaribu hilo ukiwa kwenye yale majaribio ya miezi mitatu. Uliza benki waziwazi kama wanaruhusu mteja mwenye anwani ya nje, zipo zinazofunga akaunti.

Na uhakiki wa wastaafu, ule wa kuthibitisha kila mwaka kwamba bado uko hai, ujue unafanyika vipi ukiwa mbali na nani anaruhusiwa kusaini. Weka tarehe kwenye kalenda, ukiukosa malipo yanasimama.

Hatua ya 7. Panga, usinunue

Mwaka mzima wa kwanza, angalau. Pengine hata kununua kuna mipaka, Thailand mgeni kwa kawaida hamiliki ardhi, na kwenye jengo la apatimenti wageni wote kwa jumla hawavuki asilimia 49 ya eneo. Meksiko mgeni anayetaka nyumba ndani ya kilomita 50 kutoka pwani anapitia benki, yaani benki inashika hati ya nyumba kwa niaba yake.

Hatua ya 8. Lugha na watu

Anza lugha mwaka mmoja kabla, na usianze na salamu za watalii. Anza na mwili. Jifunze kusema kifua kinanibana, nimeanguka, mkono umekufa ganzi upande huu, nina mzio wa dawa hii, mpigie mwanangu. Sema kwa sauti mpaka itoke bila kufikiri, kwa sababu siku ya maumivu akili haitafsiri. Na kuna jambo zito zaidi, wazee wengi wakipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, lugha waliyojifunza ukubwani ndo inayopotea kwanza, wanarudi kwenye ile ya utotoni. Kwa hiyo uliza kama huo mji una hata jamii ndogo ya watu wanaoongea lugha yako, nyumba ya ibada, chama, chochote.

Marafiki hawaji wenyewe. Jiunge na kitu kinachokutana kila wiki siku ile ile, kwaya, darasa, bustani, bao. Watu wakizoea kukuona Jumatano, Jumatano usipoonekana kuna mtu atagonga mlango, na kwa anayeishi peke yake huo mlango kugongwa ndo usalama wenyewe. Kile kiti cha plastiki pale ngazini kiliwekwa na jirani ambaye mzee wetu alikuwa anamsalimia kila asubuhi kwa maneno kumi aliyokuwa anayajua.

Hatua ya 9. Kifo, na njia ya kurudi

Najua hatupendi, lakini liongelewe kabla ya tiketi kukatwa. Andika wosia unaotambulika nchi zote mbili. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, ukiacha Denmark na Ireland, kwa vifo vya kuanzia tarehe 17 Agosti 2015, zinafuata sheria ya mirathi ya mahali ulipokuwa unaishi kwa kawaida, isipokuwa kama wosia wako umechagua waziwazi sheria ya uraia wako. Ufaransa kwa mfano watoto wana fungu lao la lazima, mtoto mmoja nusu ya mali, wawili theluthi mbili, kuanzia watatu robo tatu, kwa hiyo yule aliyedhani kila kitu kitabaki kwa mkewe familia yake inaweza kushtuka. Kama wosia ni miwili, mwanasheria ahakikishe wa pili haufuti wa kwanza.

Tengeneza karatasi ya kumpa mtu unayemwamini mamlaka ya kusaini kwa niaba yako, huku na kule, ukiwa bado na akili timamu, maana ukishapoteza fahamu hakuna atakayeisaini. Andika unataka kuzikwa wapi na bima gani italipa kusafirisha mwili. Mpe mtoto au ndugu bahasha yenye nakala za yote haya pamoja na namba ya jirani.

Halafu tenga hela ya kurudi kwenye akaunti yake peke yake: tiketi za wawili, miezi sita ya kodi ya nyumba nyumbani, na matibabu mpaka bima ya nyumbani ianze kufanya kazi tena. Mkubaliane mapema ni dalili gani zikitokea mtarudi, kwa mfano mmoja kushindwa kuoga mwenyewe, au mmoja kufariki, na muandike, msaini wote wawili. Kila mwaka kwenye tarehe mliyofika toeni ile karatasi ya hatua ya kwanza, msome mlichoandika juu ya yule mzee, na mbadilishe pale alipowazidi umri.